Kipimo Kipi cha Vinasaba Kinafaa Kufuatilia Jina la Ukoo?

Vipimo vya vinasaba, yaani DNA, vinaweza kubainisha iwapo watu wenye jina moja la ukoo wanatokana na mzazi mmoja wa kale. Vipo vya aina tatu, na kila kimoja hujibu swali lake.

Cha kwanza ni kipimo cha kromosomu Y, ambayo baba humrithisha mtoto wa kiume pekee. Hufaa pale jina linapofuata upande wa baba, kama ilivyo kwa Wachagga na Wahaya. Mwanamke hana kromosomu hiyo, hivyo sampuli hutolewa na baba yake, kaka wa baba mmoja au baba mdogo. Alama 12 pekee zinaweza kulingana hata kwa wasio na undugu wa karibu; ni vema zipimwe 37 au zaidi.

Cha pili ni cha mitokondria, ambayo watoto wote huipata kwa mama na mabinti pekee huirithisha. Hufaa kwa jamii zinazofuata ukoo wa mama, wakiwamo Waluguru. Kwa kuwa hubadilika polepole, majibu yanayolingana hayathibitishi undugu wa karibu.

Cha tatu hupima vinasaba vya pande zote mbili. Hutambua ndugu wa karibu, lakini urithi wa kila babu au bibi hupungua takribani kwa nusu katika kila kizazi.

Utafiti wa mabaki ya kale ya watu wa pwani ya Kenya na Tanzania, uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Nature, ulionesha kuwa asili ya wengi kwa upande wa baba ilikuwa Uajemi, na kwa upande wa mama Afrika. Aliyepima upande mmoja angepata nusu ya historia.

Wengi nchini hutumia jina la babu kama jina la mwisho, nalo hubadilika kila kizazi. Hivyo, wazee waulizwe kwanza. Aidha, majibu yanaweza kufichua kuwa baba mlezi si mzazi. Familia ikubaliane mapema, na kila mhusika aridhie.

Nchini Tanzania, huduma hizi zinaongozwa na sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009, chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali.