Queen of Katwe: Binti Muuza Mahindi na Kocha Aliyekiona Kipaji Chake

Queen of Katwe ni filamu ya mwaka 2016 inayosimulia maisha ya kweli ya Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa Katwe jijini Kampala, Uganda, aliyekuwa bingwa wa sataranji, au chesi kama wengi wanavyouita mchezo huo. Imeongozwa na Mira Nair na kutolewa na kampuni ya Disney.

Phiona ameigizwa na Madina Nalwanga, binti wa Kampala ambaye hakuwahi kuigiza kabla ya hapo. Mama yake, Harriet, ni Lupita Nyong'o wa Kenya. Kocha Robert Katende ni David Oyelowo.

Ilianzia kwenye uji

Phiona alifiwa na baba akiwa mdogo. Ada ikakosekana, shule akaacha, akawa anatembeza mahindi mtaani ili nyumbani wapate chakula. Mwaka 2005, akiwa na umri wa karibu miaka tisa, alimfuata kaka yake Brian kwa siri hadi mahali Katende alipokuwa akifundisha watoto sataranji. Kilichomvuta hasa ni kikombe cha uji walichopewa watoto wakifika.

Kwenye filamu, siku ya kwanza wenzake wanamcheka kwamba ananuka. Phiona anawavaa kwa ngumi. Badala ya kumfukuza, Katende anaona mtoto mwenye moyo wa kupambana. Kesho yake binti anarudi akiwa ameoga. Anayemfundisha kete ni Gloria, mtoto mdogo kuliko yeye.

Kocha mwenyewe hakuwa na kitu

Katende alikua yatima, akasomea uhandisi, na alikuwa mcheza mpira. Filamu inamwonyesha akipewa nafasi ya kazi ya uhandisi yenye mshahara mzuri, huku nyumbani ana familia. Anaikataa ili abaki na watoto wa Katwe. Mkewe Sara, ambaye ni mwalimu, anamsaidia Phiona kujifunza kusoma.

Alipovunjika moyo

Kipaji peke yake hakikumaliza matatizo. Phiona anarudi kutoka mashindanoni na kukuta maisha ni yaleyale: kodi ya nyumba haijalipwa, mvua inaleta mafuriko, na mama anaogopa binti atatamani maisha asiyoweza kumpa. Mwaka 2010 alikwenda Olimpiadi ya sataranji mjini Khanty-Mansiysk, Urusi. Kwenye filamu anashindwa na mpinzani wa Canada, anakata tamaa na kutaka kuacha kabisa. Kocha hamlazimishi. Anakaa naye na kumtia moyo.

Baadaye

Katika Olimpiadi ya 2012 mjini Istanbul, Uturuki, Phiona alifikia kiwango cha cheo cha WCM, ngazi ya kwanza ya vyeo vya wanawake katika shirikisho la dunia, FIDE. Kitabu cha Tim Crothers kuhusu maisha yake kilitoka mwaka huohuo, na ndicho msingi wa filamu. Mwaka 2017 alianza chuo kikuu nchini Marekani.

Kuna habari ya huzuni pia. Nikita Waligwa, aliyeigiza kama Gloria, alifariki Februari 2020 akiwa na miaka 15 kwa uvimbe kwenye ubongo.

Kwa wacheza drafti

Katika maeneo kama Mtinko mkoani Singida, wengi wanaijua zaidi drafti ya vizibo vya soda. Anayeijua hatapotea kwenye filamu hii. Kwenye drafti kete ikifika mwisho inakuwa kingi. Kwenye sataranji, kete ndogo kuliko zote ikivuka ubao mzima inaweza kugeuka malkia. Hicho ndicho Gloria anachomweleza Phiona. Mara nyingi kete hiyo huhitaji nyingine zinazoilinda njiani.