Vihenge vya Usukuma na Mfuko wa Fedha

Watu wengi hudhani ya kuwa nyumba ikipata fedha nyingi haina haja ya kuhesabu, kwa maana hesabu ni kazi ya maskini agawaye senti zake. Lakini ukitazama mambo yaliyopita katika nchi ya Shinyanga na Geita utaona ya kuwa sivyo. Katika nchi hii mali haikuzoea kuja kidogo kidogo. Ilikuja kwa mkupuo: nafaka kwa mavuno mamoja, pamba kwa msimu mmoja, dhahabu kwa siku moja. Wala tumbo la mtoto halijui msimu. Lataka chakula leo na kesho na kesho kutwa. Basi habari ya matumizi ya nyumba katika nchi hii ni habari ya watu waliojitahidi kuifikisha mali ya siku moja mpaka siku nyingi, na ya jinsi kazi hiyo ilivyozidi kuwa ngumu tangu fedha ilipoingia.

Hapo zamani mali ya Msukuma haikukaa mahali pamoja. Mtama na uwele vilitiwa katika vihenge. Viazi vitamu vilikatwa vipande vikaanikwa juani. Vilivyoanikwa vibichi viliitwa michembe, na vilivyochemshwa kwanza viliitwa matobolwa, navyo viliwekwa kwa ajili ya miezi ile mibaya ambayo chakula cha zamani kimekwisha na kipya hakijaiva. Katika nyumba ya wake wengi kila mke alikuwa na jiko lake na chakula chake. (Siisifu ndoa ile, nasema habari ya ghala tu.) Ng'ombe nao walikuwa akiba ya namna nyingine. Hawakuchinjwa kwa uchu wa nyama, bali waliwekwa kwa ajili ya mahari, na fidia, na mwaka wa ukame ambapo walibadilishwa kwa nafaka. Tena mwenye kundi kubwa hakuwaweka wote katika zizi lake. Wengine aliwapeleka kwa jamaa na rafiki wa mbali, nao wakanywa maziwa yao kuwa ujira wa kuwatunza. Hivyo ugonjwa ukiingia katika boma moja haukumaliza mali yote ya mtu.

Hata majani yaliwekewa akiba. Mvua zilipoanza, sehemu ya malisho ilifungwa, mifugo isiingie, na mahali hapo paliitwa ngitili. Majani yakakua na kusimama yakakauka, hata kiangazi kilipokuwa kikali ndipo palipofunguliwa kwa ng'ombe dhaifu, na ndama, na maksai wa kulimia. Zilikuwako ngitili za nyumba moja moja, na nyingine za kijiji kizima.

Nataka msomaji aangalie neno moja katika mambo haya. Kila akiba ilikuwa na kazi yake, na wakati wake, na mlinzi wake. Mtu hakuweza kulipa mahari kwa michembe, wala mume hakuweza kuingia jikoni kwa mkewe akachota unga akaupeleka ngomani bila watu kujua. Kuta za vihenge zilifanya kazi ya hesabu kwa watu wasiojua kuandika. Lakini kuta hizo hazikuzuia kila shari. Sotoka ilipopita Afrika ya Mashariki yapata mwaka 1890 na 1891, ikaua ng'ombe wengi mno, watu waliokuwa matajiri walifukarika katika muda wa miezi michache, ingawa ng'ombe wao walikuwa wametawanywa vizuri.

Nyumba yenye mapato makubwa kuliko zote ilikuwa ya mtemi. Aliletewa nafaka, watu walimlimia mashamba, na pembe za tembo zilifika kwake. Mtu angeweza kusema, Hakika huyu hakuwa na shida ya matumizi. Lakini tazama upande wa pili wa hesabu yake. Wageni walikula kwake, wazee wa shauri walikula kwake, wenye mashtaka walilala kwake, na njaa ilipoingia watu walitazamia ghala yake ifunguliwe. Mvua ikikosa kunyesha mwaka hata mwaka, mtemi aliweza kuondolewa katika enzi. Vihenge vyake vilikuwa vyake kwa jina, lakini ndani yake mlikuwamo fungu la watu, naye alilijua. Wasomaji wa Biblia watamkumbuka Yusufu katika nchi ya Misri, ambaye aliweka sehemu ya tano ya mavuno ya miaka saba ya shibe. Tofauti ni kwamba Yusufu aliambiwa mapema idadi ya miaka ya njaa, na mtemi hakuambiwa.

Ndipo ikaja fedha. Wajerumani walitoa amri ya kodi ya nyumba mwaka 1897, rupia 3 kwa kila nyumba ya shamba kwa mwaka, na rupia haikuota katika kihenge. Ilimpasa mtu auze kitu, au auze nguvu zake. Kuanzia mwaka 1904 rupia moja iligawanywa katika vipande 100 vilivyoitwa Heller, na ndiyo asili ya neno hela tunalolitumia hata leo. Wajerumani waliondoka na vipande vyao havitumiki tena, lakini jina lao limebaki midomoni. Baada ya vita Waingereza wakaleta shilingi mwaka 1921, na mwaka 1928 reli kutoka Tabora ikapita Shinyanga ikafika Mwanza. Tangu hapo mkulima aliweza kuuza mavuno yake mbali, na duka liliweza kuleta vitu vya mbali mpaka mlangoni pake. Mambo hayo mawili yalikuja kwa gari moja.

Kwa watemi badiliko lilikuwa kubwa zaidi. Kwa sheria ya mwaka 1926 ya utawala wa wenyeji, kodi ilikusanywa katika hazina na mtemi akapewa mshahara. Nafaka ya heshima ikakoma. Lakini wageni hawakukoma! Waliendelea kuja wakitazamia kula kama walivyokula baba zao, na sasa mtemi alinunua chakula chao kwa shilingi zilizokuwa pia za nguo za watoto wake. Wengine walitafuta akiba ya namna mpya, nayo ni elimu. Shule ya Tabora iliwapokea wana wa watemi, na Kidaha Makwaia wa Usiha, Shinyanga, aliyesoma huko Tabora na kisha Makerere, aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1945, mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza. Utemi wenyewe uliondolewa mwaka 1963. Watoto wa watemi waliokuwa na vihenge tu walibaki na vihenge. Waliokuwa wamesomeshwa walibaki na kazi.

Sasa nifike kwenye pamba, kwa sababu ndiyo iliyoufanya utajiri uingie katika nyumba za watu wa kawaida. Pamba hupandwa mvua zinapoanza na kuuzwa kiangazini. Kwa majuma machache mwenye shamba kubwa alishika noti nyingi kuliko karani wa serikali, kisha kwa miezi mingi hakushika kitu. Katika majuma hayo machache wachuuzi wote walijua njia ya kwake. Baiskeli, vitambaa, mabati, cherehani: vyote vilionekana kuwa rahisi siku ya mizani. Ngoma kubwa za mashindano za Bagika na Bagalu nazo huchezwa baada ya mavuno, wakati uo huo ambapo mifuko imejaa.

Mkulima alikuwa na adui mwingine kabla fedha haijafika mkononi, yaani mizani yenyewe. Malalamiko juu ya wanunuzi waliopunja uzito yalikuwa mengi, na wakulima wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe. Kutokana na kazi hiyo Paul Bomani na wenzake walijenga vyama vya ushirika, na mwaka 1955 shirikisho lao la vyama vya Viktoria likasimama, ambalo baadaye lilihesabiwa kuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika katika Afrika. Nalitaja hapa kwa sababu hesabu ya nyumba haianzi dukani. Huanzia pale mapato yanapopimwa, na nyumba iliyopunjwa kila mwaka haiwezi kujiokoa kwa kupunguza sukari.

Basi wakulima walifanya nini na fedha ile? Wengi walinunua ng'ombe. Maofisa wa Kiingereza walihuzunika sana kwa jambo hilo. Mpango wa maendeleo ya Usukuma ulioanza mwaka 1947 ulitaka ng'ombe wapunguzwe, kwa kuwa ardhi ilikuwa inachakaa. Habari ya ardhi ilikuwa kweli. Lakini maofisa hawakuelewa vema sababu ya yule mkulima. Noti mfukoni ilikuwa ya kila mtu aombaye: ndugu, rafiki, muuza pombe. Ng'ombe hakuombwa kirahisi hivyo, wala hakuuzwa usiku kwa siri. Kwa kununua ng'ombe mkulima aliirudisha fedha nyuma ya ukuta. Serikali nayo ilikuwa ikizuia sehemu ya bei ya pamba katika miaka mizuri, ikasema ni akiba ya miaka mibaya. Kwa maoni yangu haikuwa na haki ya kumcheka mwenye ng'ombe, maana wote wawili walikuwa wakifanya jambo moja, ila akiba ya mkulima ilionekana zizini, na ile ya serikali hakuiona.

Habari ya machimbo ya makampuni nitaipita upesi. Mgodi wa Geita ulifanya kazi tangu mwaka 1936 hata 1966, na Williamson, mtu wa Kanada, aliipata almasi ya Mwadui mwaka 1940. Mshahara wa huko ulikuja kwa siku iliyojulikana, na hiyo ni faida kubwa ya hesabu. Hasara yake ni kwamba aliyekaa katika nyumba ya kampuni, kazi ikiisha, huirudisha nyumba pamoja na ufunguo.

Wachimbaji wadogo hawana siku iliyojulikana. Tangu miaka ya 1980, na zaidi katika miaka ya 1990, maelfu waliingia Nyarugusu, Mgusu, Bulyanhulu na mahali pengine. Katika duara la dhahabu mawe hugawanywa kwa viroba: fungu la mwenye leseni, la mwenye duara, la wachimbaji. Mtu aweza kuchimba miezi mingi akila kwa mkopo, kisha mwamba ukafunguka. Tuseme, kwa mfano tu, fungu la nyumba moja ni shilingi milioni 12. Mji wote utaiita nyumba hiyo tajiri. Lakini kama mwamba hautafunguka tena ila baada ya miezi 18, mapato yao ya kweli ni kama 666,000 kwa mwezi. Katika mji wa machimbo karibu kila kitu hununuliwa, maji ya ndoo, mkaa, mboga, na nauli ya bodaboda. Nyumba ikitumia 15,000 kwa siku, ambazo hakuna atakayeziona kuwa anasa, mwezi umekula 450,000. Zimebaki 216,000 za kodi ya pango, nguo, ugonjwa, madaftari, na madeni ya mwenye duka aliyewalisha miezi ile mingi. Wala hatujataja ndugu hata mmoja.

Hapo ndipo msemo wa wenye maduka, mali bila daftari huisha bila habari, unapotimia. Milioni 12 haziishi kwa jambo moja kubwa ambalo watu wangelikumbuka. Huisha kwa elfu tano tano, na mume na mke hutazamana kila mmoja akidhani mwenziwe ndiye aliyezila. Tangu masoko ya madini yalipoanzishwa mwaka 2019, la Geita likiwa la mbele, mchimbaji huuza dhahabu yake mahali pa wazi na kwa bei inayotangazwa. Hivyo mizani imepata kusimamiwa, kama ile ya pamba. Kilichobaki ni njia ya kutoka sokoni mpaka nyumbani.

Kwa njia hiyo ni wanawake, kwa kadiri nionavyo, waliovumbua zaidi. Katika vijiji vingi viko vikundi vya kuweka na kukopa, vyenye sanduku la chuma lenye makufuli matatu. Funguo tatu hushikwa na watu watatu, na sanduku hukaa kwa mtu wa nne, hata asiwepo mmoja awezaye kulifungua peke yake kwa huruma au kwa tamaa. Ndani yake mna mifuko miwili: mmoja wa hisa, ambao hukopesha, na mwingine wa jamii, kwa ajili ya msiba na ugonjwa, wala fedha za mmoja hazichanganywi na za mwingine. Bibi mmoja aliyezaliwa wakati wa vihenge asingehitaji kuelezwa sanduku hilo ni la nini. Mwisho wa mwaka hisa hugawanywa. Vikundi vingi huchagua Desemba, kwa sababu shule hufunguliwa Januari, na ingawa ada ya shule za serikali iliondolewa tangu mwaka 2016, sare na madaftari havikuondolewa. Lakini vikundi vya wakulima wengine hufungua sanduku mapema zaidi, mvua za kwanza zinapokaribia, maana mbegu hainunuliwi Januari.