Nyumba ya Jua ya Dover

Kulikamata joto la jua si kazi ngumu. Hata paa la mabati hulikamata bila kuamriwa. Kazi ngumu ni kuliweka. Nyumba itakayoishi kwa jua peke yake haina budi kuwa na ghala ya kulinda joto la mchana kwa ajili ya usiku, na la siku kavu kwa ajili ya siku za mawingu.

Katika mwaka wa 1948, huko Dover katika jimbo la Massachusetts, Marekani, wanawake watatu walijaribu kujenga ghala hiyo. Maria Telkes, mwanasayansi mzaliwa wa Budapest, alibuni namna ya kuhifadhi joto. Eleanor Raymond alisanifu jengo. Na Amelia Peabody, mchonga sanamu mwenye mali, alitoa fedha na kiwanja. Upande wa kusini, ghorofa ya juu ilikuwa safu ya vioo, maana katika nchi zile jua la majira ya baridi hupita kusini, tena chini. Hewa iliyopata moto nyuma ya vioo ilisukumwa na feni mpaka penye vyombo vilivyojaa chumvi ya Glauber. Chumvi hiyo huyeyuka penye nyuzi 32 hivi za Selsiasi. Iyeyukapo hunywa joto jingi pasipo kuzidi sana kuwa moto, na igandapo hulirudisha joto lile lile. Kwa hiyo chombo kidogo cha chumvi huweza kufanya kazi ya tangi kubwa la maji.

Majira ya kwanza ya baridi yalipita salama. Lakini chumvi iliyoyeyuka na kuganda mara nyingi ilianza kujitenga: sehemu nzito ikatuama chini, maji yakabaki juu, wala havikuungana tena. Vyombo navyo vililiwa na kutu, vikavuja. Miaka michache baadaye likatiwa tanuri la mafuta. Waisifuo nyumba ile husahau jambo jingine, nalo si dogo: feni zake zilizungushwa na umeme ulionunuliwa nje. Ilijitegemea kwa joto, si kwa nguvu.

Telkes hakuiacha chumvi. Katika mwaka wa 1973 aliitumia tena katika nyumba ya majaribio ya Chuo Kikuu cha Delaware, ambayo paa lake lilitoa umeme pamoja na joto.

Nyumba iliyokatwa kabisa na nyaya za umeme ilijengwa Freiburg, Ujerumani, na taasisi ya Fraunhofer katika mwaka wa 1992. Huko umeme uliozidi wakati wa joto ulitumiwa kuyapasua maji yakawa haidrojeni na oksijeni, zikawekwa katika matangi mpaka wakati wa baridi. Ghala hiyo ilikuwa ya gharama kubwa mno kwa mwenye nyumba wa kawaida. Betri za lithiamu za siku hizi ni rahisi zaidi, nazo hutosha kwa usiku mmoja au siku chache. Jua la Juni haziwezi kulifikisha Desemba.