Kalamu ya Tete na Jina la Mchongaji

Mwanafunzi wa Busia au wa Tororo akipata kalamu mpya ya biki, jambo lake la kwanza si kuandika. Hukata kipande chembamba cha karatasi, akatia jina lake, akakikunja na kukisukuma ndani, kati ya ganda na mrija wa wino. Jina husomeka kwa nje, na atakayeiokota kalamu hiyo hana udhuru. Desturi hii hatukuifundisha sisi walimu. Tumeikuta, na yamkini tutaiacha.

Tumeikumbuka kwa sababu ya aibu iliyotupata wenyewe. Katika shule moja ya mpakani tuliwapeleka wanafunzi kando ya mto Sio kukata matete, wakachonga kalamu za kale, ili waonje kazi ya waandishi wa zamani kabla ya kuanza kusoma tenzi. Zilipatikana kalamu thelathini na kitu, baadhi yake nzuri mno. Tulizifunga kwa uzi, tukaziweka kabatini. Siku wazazi walipokuja kutazama kazi za watoto wao, hatukuweza kusema ipi ni ya nani. Msichana mmoja, hodari kuliko wenzake wote, alizikana moja moja zote tulizomwonyesha, na mama yake akarudi nyumbani bila kuona kazi ya mikono ya binti yake. Hakuna aliyetulaumu. Tulijilaumu.

Hapo ndipo tulipoanza kujiuliza jinsi kazi ya mchonga kalamu inavyoweza kutambulikana baada ya yeye kuondoka.

Neno lenyewe lina safari ndefu. Tulilipata kwa Kiarabu, na Kiarabu kililipata kwa Kigiriki, ambako maana yake ya asili ni tete. Kwa hiyo anayesema ‘kalamu ya tete’ anataja tete mara mbili, ingawa hatumlaumu. Katika nchi yetu hii watu wa pwani walitangulia reli. Misafara ya Waswahili na Waarabu ilikuwa ikituama kwa Nabongo Mumia, mtawala wa Wanga, kabla Waingereza hawajaweka kituo chao hapo. Hata mpaka tunaouvuka leo kwa vitambulisho haukuwa hapa wakati huo: Busia yote ilihesabiwa kuwa Uganda hadi mwaka 1902, mkoa wa mashariki wa Uganda ulipohamishiwa upande wa pili. Waganda husema ekkalaamu, Wajaluo husema kalam, na mwalimu wa Kiswahili huku hana haja ya kulitafsiri neno hilo kwa mwanafunzi ye yote.

Sasa tuitazame kalamu yenyewe. Tete hukatwa likiwa limekomaa, likakaushwa, kisha ncha yake ikachongwa mshazari kwa kisu kikali. Ncha hupasuliwa kidogo katikati ili wino uteremke, halafu hukatwa tena mwishoni ili ipate upana utakiwao. Wino wa zamani ulikuwa masizi yaliyochanganywa na gundi na maji, ukawekwa katika kidau. Ncha ya tete hulainika kwa wino na kuchakaa kwa karatasi, na mwandishi hana budi kuichonga tena na tena. Kila mchongo huifupisha. Kalamu hii, basi, hujila yenyewe, na mwisho wake ni kutupwa. Kwa hiyo jina lililowekwa karibu na ncha haliwezi kudumu.

Lakini mwandishi alikuwa na mahali pengine pa kuliweka. Huko Siyu, katika kisiwa cha Pate, palikuwa na waandishi mashuhuri wa misahafu katika karne ya 18 na ya 19. Mwandishi alipomaliza aliweza kuongeza maneno machache mwishoni: jina lake, jina la baba yake, na tarehe aliyokamilisha kazi. Nakala ya Chuo cha Herekali, utenzi wa Mwengo wa Athumani wa Pate, ina tarehe ya mwaka 1141 wa Hijria, yaani 1728, na tarehe hiyo imekuwa nguzo kwa wote wanaochunguza umri wa fasihi yetu. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, aliwanakilia tenzi wataalamu kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Alikuwa pia mchongaji wa mbao, mtu ajuaye thamani ya alama ya fundi, na nakala zake zilizoko London na Ujerumani hutambulikana kwa mwandiko na kwa jina lake.

Kiwanda kilibadili mambo. Nibu za chuma za Birmingham zilipigwa chapa ya jina la mwenye kiwanda, kama Joseph Gillott, pamoja na nambari, ilhali mfanyakazi aliyeikata nibu hakutajwa po pote. Walimu wazee wanayakumbuka madawati yenye tundu la kidau. Baadaye ikaja BIC, na jina la mwenye kiwanda likageuka kuwa jina la kitu chenyewe: biki. Wajapani walishika njia yao. Katika miaka ya 1930 mafundi waliopamba kalamu za Namiki kwa lakiri na unga wa dhahabu waliweka sahihi zao juu ya kalamu zenyewe. Lakini hizo hazichongwi upya kila siku.

Mwaka uliofuata tulirudi mtoni na darasa jingine. Safari hii kila mwanafunzi alitia nambari kwa waya wa moto kwenye mwisho usiochongwa, mbali na ncha, kwa sababu wino huoshwa na jasho la vidole. Tukafungua daftari. Ndani yake tunaandika nambari, jina la mchongaji, mahali tete lilipokatwa na siku ya kuchongwa. Halafu mchongaji mwenyewe anaandika mstari mmoja kwa kalamu ile ile, na chini yake jina na tarehe. Mstari huo umetufaa kuliko tulivyotazamia. Upana wa ncha, mshazari wake, hata kasoro ya mpasuko, vyote huonekana katika wino, na kalamu mbili zikichanganyika mtu anaweza kuzilinganisha na maandishi.

Yule msichana alikuwa ameingia darasa la juu, lakini aliomba kuja nasi. Akapewa nambari 1. Kalamu yake imechongwa mara nyingi hata imebaki urefu wa kidole cha shahada, na nambari bado inasomeka.