Shule ya parokia

Shule ya parokia ni shule, kwa kawaida ya msingi, inayoendeshwa na parokia ya Kanisa Katoliki chini ya paroko na kwa idhini ya askofu wa jimbo. Hutofautiana na shule ya jimbo au ya shirika la kitawa kwa kuwa mzigo wake hubebwa na waamini wa parokia yenyewe. Nchi iliyojulikana zaidi kwa shule hizo ni Marekani.

Lengo na maadili

Msingi wake ni fundisho kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa mtoto. Kanisa na serikali huja kuwasaidia. Ndivyo linavyoeleza tamko Gravissimum Educationis la Mtaguso wa Pili wa Vatikano (28 Oktoba 1965). Kwa hiyo dini haiishii kwenye kipindi chake. Watoto husali pamoja, huandaliwa kwa Komunyo ya kwanza na hufundishwa kuwahudumia maskini, na imani inatazamiwa kuonekana hata katika namna mwalimu anavyosahihisha na kuadhibu. Hapo ndipo penye ugumu, maana somo huweza kuwekwa katika ratiba, mwenendo hauwezi.

Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 unadai walimu wawe na mafundisho sahihi na maisha manyofu (kanuni 803). Unadai pia kiwango cha taaluma kisipungue kile cha shule nyingine za eneo hilo (kanuni 806). Kanuni hiyo ya pili hutajwa mara chache, ingawa uchaji haufidii hesabu mbovu.

Historia nchini Marekani

Mwaka 1810 Elizabeth Ann Seton alifungua shule ya bure kwa wasichana huko Emmitsburg, Maryland. Katika karne hiyo shule nyingi za umma zilisoma Biblia ya King James, tafsiri ya Waprotestanti, na Wakatoliki, wengi wao wahamiaji kutoka Ireland, walilalamika. Mwaka 1844 mabishano hayo yalichangia ghasia za Philadelphia, ambamo makanisa mawili ya Kikatoliki yalichomwa moto.

Mwaka 1884 maaskofu waliokutana Baltimore waliagiza kila parokia iwe na shule karibu na kanisa ndani ya miaka 2, isipokuwa penye shida kubwa. Wazazi walilipa kodi iliyoendesha shule za umma, kisha wakachangia shule yao. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu masista walifundisha kwa posho ndogo sana.

Mwaka 1922 wapiga kura wa jimbo la Oregon walipitisha sheria ya kulazimisha karibu watoto wote kusoma shule za umma. Masista walienda mahakamani, na mwaka 1925 Mahakama Kuu ya Marekani iliibatilisha, ikisema serikali haina mamlaka ya kuwanyima wazazi uchaguzi huo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 shule za Kikatoliki nchini humo zilikuwa na wanafunzi zaidi ya milioni 5. Leo hawafiki milioni 2. Masista walipopungua, walimu walei walihitaji mishahara ya kweli, karo ikapanda, na familia maskini, ambazo shule hizo zilianzishwa kwa ajili yao, ndizo zilizoshindwa kwanza.

Tanzania

Nchini Tanzania Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliweka mikononi mwa serikali shule za misheni zilizopokea ruzuku. Vipindi vya dini viliendelea kufundishwa humo.