"Usihifadhi": Historia Fupi ya Amri Inayopuuzwa

Mwaka 1994, katika mkutano wa kwanza wa kimataifa wa wavuti uliofanyika Geneva, Ari Luotonen wa CERN na Kevin Altis wa Intel walieleza kazi ya proksi, yaani kompyuta inayokaa kati ya msomaji na mtandao na kumletea kurasa kwa niaba yake. Proksi iliweza pia kutunza nakala. Mtu wa kwanza akiomba ukurasa, unaletwa kutoka mbali. Wa pili akiuomba, anapewa nakala iliyomo kwenye kache, ambayo ni akiba ya muda. Lilikuwa wazo la busara katika zama ambazo njia za mawasiliano zilikuwa finyu na ghali.

Kwetu Afrika Mashariki ufinyu huo ulidumu zaidi. Kabla ya nyaya za chini ya bahari kutufikia, SEACOM mwezi Julai 2009 na EASSy mwaka 2010, sehemu kubwa ya mawasiliano yetu ya intaneti ilipita kwenye setilaiti. Chuo kizima kiligawana mkondo ambao leo ungeonekana haba kwa nyumba moja. Katika mazingira hayo, proksi ya Squid, programu huria iliyoanza mwaka 1996, ilikuwa msaada mkubwa. Sina budi kulisema hili mapema, kwa sababu kishawishi ninachokijadili hapa hakikutokana na uovu. Kilitokana na uhaba.

Hata hivyo, si kila kitu kinafaa kuwekwa akiba. Nembo ya wizara ni ileile kwa kila anayeitazama. Salio la benki, cheti cha daktari au matokeo ya mtihani ya mwanafunzi ni mali ya mtu mmoja. Ndiyo maana kanuni za HTTP/1.1, zilizotolewa Januari 1997, ziliipa seva uwezo wa kuambatanisha maelekezo na kila ukurasa. Mawili yana uzito wa pekee: "usihifadhi", na "hii ni ya faragha", maana yake kache inayotumiwa na watu wengi isiitunze. Maelekezo haya hayana kufuli. Yanategemea uaminifu wa aliyekaa katikati.

Uaminifu huo unaweza kuvunjwa kwa mstari mmoja tu wa usanidi. Squid yenyewe ilimpa msimamizi chaguo la kupuuza amri ya "usihifadhi". Waandishi wake waliambatanisha onyo kwamba kufanya hivyo ni kukiuka kanuni za HTTP, na kwamba anayelitumia huenda akawajibika kwa madhara yatakayotokea. Onyo hilo ni la kiufundi, lakini kwangu mimi linasomeka pia kama fundisho la utawala bora.

Madhara yenyewe ni yapi? La kwanza ni habari iliyochacha: msomaji anaonyeshwa bei, salio au tangazo la jana akidhani ni la leo. La pili ni zito zaidi. Ukurasa wa Asha ukihifadhiwa, Juma akiomba anwani ileile anaweza kupewa ukurasa wa Asha. Na ikiwa jibu lililohifadhiwa limebeba vidakuzi vinavyomtambulisha Asha, Juma hajaona tu chumba cha mwenzake, amekabidhiwa na ufunguo wake.

Hayo yameshatokea. Tarehe 25 Desemba 2015, duka la michezo ya kompyuta la Steam, mali ya kampuni ya Valve, lilishambuliwa kwa mafuriko ya maombi. Ili kulinusuru, kampuni mshirika iliyosimamia kache iliweka kanuni mpya, na moja kati ya hizo ikahifadhi kimakosa kurasa za watu waliokwisha kuingia kwenye akaunti zao. Kwa takriban saa moja na nusu, watu walijikuta wakitazama kurasa za wengine. Valve ilieleza kuwa watumiaji wapatao 34,000 waliguswa. Baadhi ya kurasa zilikuwa na anwani za malipo, barua pepe na historia ya manunuzi. Uamuzi ulifanywa kwa haraka na kwa nia njema, lakini gharama yake ilibebwa na watu ambao hawakuulizwa.

Mwaka 2017 mtafiti Omer Gil alionyesha kuwa udhaifu huu unaweza kutumiwa kwa makusudi. Mhalifu humtumia mlengwa kiungo cha ukurasa wake binafsi kilichoongezewa mwisho unaofanana na jina la faili la picha au la mtindo. Seva humletea mlengwa ukurasa wake wa kawaida. Kache, iliyosanidiwa kuhifadhi kila faili la aina hiyo bila kujali maelekezo, huutunza. Mhalifu hufuata baadaye na kuuchukua. Gil aliyathibitisha hayo kwenye tovuti ya PayPal.

Wavuti ulijibu kwa kuziba bahasha. Tangu mwishoni mwa 2015, Let's Encrypt ilipoanza kutoa vyeti bila malipo, usimbaji fiche umeenea, na proksi ya kawaida haisomi tena inachokibeba. Anayetaka kuhifadhi kwa nguvu sasa hana budi kwanza kuifungua bahasha kwa cheti chake mwenyewe. Kazakhstan ilijaribu mwaka 2019 kuwataka raia wasakinishe cheti cha serikali, kwa hoja ya usalama; mwezi Agosti, Google, Mozilla na Apple zilikizuia katika vivinjari vyao. Sababu zinaweza kutofautiana, lakini chombo ni kilekile. Siri ya mtungi aijuaye ni kata.

Kwa hiyo, ndugu zangu mlio katika utumishi wa umma, suala hili msiwaachie mafundi peke yao. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Anapokuja mtu na pendekezo la kupunguza gharama za intaneti ofisini, mwulizeni ni maelekezo ya nani yatakayopuuzwa, na nani atakayejibu siku mwananchi mmoja atakapofunguliwa faili la mwenzake. Asipokuwa na jibu, akiba anayoizungumzia inatoka mfukoni mwa mtu mwingine.