Kambale wa Kivukoni na Meza ya Galilaya

Pale Kivukoni, Ifakara, kambale wa kubanika hulazwa jamvini akiwa amekunjwa duara, mkia umepenyezwa mdomoni, ngozi imekuwa nyeusi kwa moshi. Ukimshika, mafuta yanabaki vidoleni. Watu wa Bonde la Kilombero, Wandamba wakitangulia, wamemla kwa vizazi: masika mto hufurika mbugani, kambale hutawanyika humo, na maji yakianza kupwa hunaswa kwa migono.

Kambale huyuhuyu, ambaye wanasayansi humwita Clarias gariepinus, anaishi pia katika ziwa la Galilaya, alikovua Petro.

Na mlo wa mvuvi wa Galilaya usingekuwa mgeni hapa. Chakula chenyewe kilikuwa mkate, wa shayiri kwa maskini. Vingine vilikuwa vya kulia mkate huo. Katika habari ya mikate 5 na samaki 2, Yohana anawaita wale samaki kwa neno la Kigiriki opsarion, ambalo asili yake ni kitoweo. Mtu aliyelelewa kwa wali na kitoweo hahitaji kufafanuliwa neno hilo. Watu walikula kwa mkono, wakachovya katika kombe moja. Unga ulisagwa nyumbani kwa mawe, kazi ya wanawake, na Kumbukumbu la Torati 24 inakataza kuchukua jiwe la kusagia liwe rehani, kwa kuwa kufanya hivyo ni kuchukua uhai wa mtu. Bibi aliyetwanga mpunga kwa kinu na mchi angeiunga mkono sheria hiyo mara moja.

Penye kambale ndipo meza hizi mbili zinapoachana. Walawi 11 inaruhusu samaki mwenye mapezi na magamba. Kambale mapezi anayo, magamba hana. Mathayo 13 inawaonyesha wavuvi wameketi pwani baada ya kuvuta juya, wakiweka wema vyomboni na kutupa wabaya. Mimi naamini kambale alikuwa miongoni mwa waliotupwa, na kila nikila kichwa chake kwa wali wa Ifakara nawaonea huruma wale wavuvi.

Sheria hiyo ya Walawi bado inafuatwa nchini mwetu: Waadventista Wasabato hawali kambale. Ukimkaribisha Msabato chakula Ifakara, mpikie perege. Ana magamba, na jamaa zake wanavuliwa Galilaya hadi leo.